Ncha Nne za Port Reitz

Uwanja wa ndege wa Moi, ulioko Port Reitz upande wa Changamwe, Mombasa, una njia mbili za kurukia na kutua: iliyo kuu, yenye urefu wa meta 3,350, imeandikwa 03 ncha moja na 21 ncha ya pili, na iliyo fupi imeandikwa 15 na 33. Namba hizi nne, kwa rai yangu, zafaa kumsomesha mwanafunzi hesabu ya uwezekano kuliko sarafu na dadu za vitabuni, kwa kuwa zina mtego ambao dadu haina.

Asili ya namba hizo ni dira. Duara lina nyuzi 360. Hutazamwa ndege inaelekea wapi inapokimbia, uelekeo huo ukakadiriwa kwa makumi, kisha sifuri ya mwisho ikaachwa, hata nyuzi 30 zikawa 03 na nyuzi 210 zikawa 21. Majina basi ni 36, tangu 01 hadi 36. Mwenye haraka, akiulizwa njia moja yaweza kuitwa kwa jozi ngapi za majina, atasema 36 kwa ncha hii na 36 kwa ncha ile, azidishe, apate 1,296. Naye amekosea, maana ncha ya pili haina hiari. Ikiwa ya kwanza ni 03, ya pili ni lazima iwe 21, na 15 haina mwenziwe ghairi ya 33, kwa kuwa baina yao daima pana 18. Kwa hiyo jozi zote ni 18 tu.

Kuhesabu namna zote kabla ya kuchuja si jambo geni: Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa karne ya 8 anayenasibishwa na Azd wa Omani, aliyesomesha Basra, alipotunga kamusi yake ya Kiarabu alizigeuza herufi za kila mzizi wa neno kwa namna zote, mbili zikatoa sura 2, tatu zikatoa 6, nne 24, na tano 120, ndipo akapambanua zinazotumika na zilizoachwa. Utaratibu huo naupenda mno: kwanza kudhibiti yote yamkinikayo, kisha kuuliza lipi hasa hutokea.

Tuufuate, basi, kwa ndege mbili zinazotua moja baada ya nyingine. Kila moja ina ncha nne. Nne mara nne ni 16, na anayetilia shaka na aziandike: 03 na 03, 03 na 21, 03 na 15, 03 na 33, kisha aanze tena kwa 21, hadi amalize. Orodha ni sahihi. Kosa huingia pale anaposema kwamba kila jozi ina sehemu 1 katika 16, kana kwamba ncha zimepigiwa kura.

Ndege hutua ikiukabili upepo, na upepo wa pwani hii una majira yake, ambayo manahodha wa majahazi waliyajua karne nyingi kabla ya lami kumwagwa Port Reitz. Kaskazi ikishika, ikivuma kutoka kaskazini-mashariki, ndege huitaka 03. Kusi ikiingia, ikivuma kutoka kusini, huitaka kinyume chake, yaani 21. Tena ndege kubwa ya abiria haina haja na njia fupi, hivyo kwake ncha nne ni mbili tangu awali. Na zaidi ya hayo, upepo haugeuki kwa dakika kumi aghalabu, basi ncha iliyotumiwa na ndege ya kwanza yatupa habari ya ndege ya pili: 03 na 03 ni jozi ya kila siku mwezi wa Januari, ilhali 03 na 21 ni nadra, ingawa katika orodha zimeandikwa sawa.

Mwalimu wa Changamwe aliye na wanafunzi wenye daftari na subira angeweza kuwatuma waandike ncha ya kila ndege itakayotua mbele ya macho yao, kaskazi na kusi, mwaka mzima, kisha wagawanye hesabu ya kila jozi kwa jumla ya jozi zote walizoziona, wazilinganishe na ile 1 katika 16.