Sifa ya Mwalimu wa Gitaa

Chepilat ni soko la mpakani, kwenye barabara itokayo Sotik kwenda Keroka hadi Kisii. Upande mmoja ni kaunti ya Bomet na Wakipsigis wake, upande wa pili ni Nyamira na Wagusii wake. Wote wanachuna chai, wote wanakamua ng'ombe, na wote wana ala ya nyuzi waliyoirithi kwa wazee. Wakipsigis wana chepkong'o. Wagusii wana obokano, ala kubwa ya nyuzi nane yenye sauti nzito ambayo msikilizaji huisikia kifuani kabla ya masikioni. Kwa hiyo gitaa lilipoingia nchi hii ya chai halikukuta watu wageni wa nyuzi.

Wapiga gitaa wamesifiwa vya kutosha. Mimi nataka kumsifu mtu mwingine: kijana anayekwenda chuo kikuu kusomea gitaa si ili apande jukwaani, bali ili arudi na cheti cha ualimu.

Tuanze na deni letu kwa waliotangulia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alifika Kapkatet, mwendo mfupi kutoka hapa, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba “Chemirocha”. Huyo Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 lakini santuri zake zikaendelea kusafiri. Wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala, na ala iliyowasindikiza ilikuwa chepkong'o. Miaka miwili baadaye Tracey huyohuyo alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Katanga, na “Masanga” yake ikawa somo kwa wapiga gitaa wa Afrika Mashariki. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi akaujenga mtindo wa omutibo kwa kidole gumba na cha shahada, huku chupa ya soda ikigongwa kushika mdundo. Na kwa Wakipsigis wenyewe, Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et wakalifanya gitaa lizungumze Kikipsigis bila lafudhi.

Mafundi wa namna hii huwa na shule moja: kutazama na kuiga. Unakaa karibu na fundi, macho kwenye vidole vyake, na ukiondoka unaondoka na ulichoweza kuiba. Ni shule iliyotoa magwiji, sina neno juu yake. Lakini ina sheria moja kali. Ukimwuliza fundi amefanyaje, atakujibu “hivi”, kisha atarudia kwa kasi ileile. Ukikosa kushika, hukumu imetoka: huna kipaji. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanzia. Mwalimu wa gitaa ni mpigaji aliyejifunza kupunguza mwendo, akaichambua kazi ya vidole vyake kipande kwa kipande, mpaka na yule asiye na kipaji apate pa kushika.

Kujifunza huko si kazi ndogo. Mchukulie binti wa mkulima wa Chepilat anayejiunga na chuo kikuu, tuseme Kenyatta, Maseno au Kabarak, ambako muziki husomwa hadi shahada. Amekuja akijua kupigia kwaya ya kanisa. Vidole vyake vya mkono wa kulia vina sugu za likizo zote alizochuna chai, gumba na shahada vikikata majani mawili na kichipukizi. Sasa anaambiwa sugu zinazotakiwa ni za mkono wa kushoto, kwenye ncha, pale uzi unapouma. Anafundishwa kukaa upya, gitaa juu ya paja la kushoto, mguu umeinuliwa kwenye kistuli kidogo. Anafundishwa kuvipokeza vidole vya kulia, shahada na cha kati, kimoja baada ya kingine, bila kurudia kile kilichotoka kufanya kazi.

Kisha inakuja nota iliyoandikwa, na hapo gitaa huonyesha ukaidi wake. Kwenye piano kila nota ina mahali pamoja. Kwenye gitaa, sauti ya uzi wa kwanza usiobonyezwa inapatikana pia kwenye freti ya 5 ya uzi wa pili, ya 9 ya uzi wa tatu na ya 14 ya uzi wa nne. Karatasi inakwambia nini kipigwe, haikwambii wapi. Mpigaji wa kuiga hachagui, maana mkono wa fundi wake ulishamchagulia. Anayesomea ualimu lazima ajue njia zote, aseme kwa nini hii ni bora kwa kidole kifupi cha mtoto, na ile ni ya baadaye. Juu ya hayo kuna mafunzo ya sikio, historia, saikolojia ya elimu, na somo la pili la kufundishia, maana mwalimu wa sekondari Kenya huandaliwa kwa masomo mawili.

Halafu mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi arobaini na zaidi, gitaa moja. Afanye nini? Mwenye kujionyesha atapiga wimbo, apigiwe makofi, kipindi kiishe. Binti yetu anaulegeza uzi wa tano mbele ya darasa. Anabonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 5, anaupiga pamoja na ule wa tano uliolegea, na darasa linasikia sauti ikitetemeka: wa-wa-wa-wa. Anakaza taratibu. Mtetemo unapungua, waaa, waaa. Anawaagiza wainue mkono pindi utakapokoma. Mikono inapanda, mingine mapema, mingine kwa kumwangalia jirani, kisha sauti mbili zinakuwa moja na hakuna tena wa kubahatisha. Arobaini wamekaza gitaa moja kwa masikio yao. Hakuna aliyehitaji umeme, na mwalimu hakulipa darasa mgongo hata mara moja.

Kipindi kinachofuata anaweza kuzipa nyuzi nene mwendo wa obokano, nyembamba zikajibu kwa mwendo wa chepkong'o. Katika mpaka huu, uliowaka moto na watu wakarushiana mishale baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, sidai kwamba gitaa huleta amani. Nasema tu kwamba mtoto wa upande huu atakuwa ameujua kwa vidole muziki wa jirani yake, na hilo halipatikani kwa hotuba.

Wapo watakaosema cheti hakipigi gitaa. Ni kweli. Cheti si cha gitaa, ni cha mtoto. Sheria ya mwaka 2012 inamtaka mwalimu asajiliwe na Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, kabla ya kufundisha shuleni, na gwiji wa harusi mia haandikishwi kwa ugwiji wake. Mtihani wa muziki wa KCSE una karatasi nzima ya vitendo, na mtahiniwa anayetaka kuifanya kwa gitaa anahitaji mtu wa kumwandaa. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wameingia shule ya upili ya mtaala mpya, ambako Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mkondo kamili. Mkondo bila walimu ni mstari kwenye karatasi.

Vyuo navyo vina deni lao. Profesa Washington Omondi, aliyefundisha muziki Kenyatta, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya nyatiti ya Waluo. Mtafiti David Rycroft aliyaandika kwa nota mapigo ya Mwenda Jean Bosco na kuyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Njia ilishafyekwa kitambo. Programu ya gitaa inayomtoa mwalimu akimjua mpiga gitaa Carcassi wa Italia bila kumjua Mukabi wa Kisa imemfunza nusu ya kazi.

Mzazi wa Chepilat, bonasi ya chai ikiingia na mwanao akakwambia anataka kusomea gitaa, usikimbilie kumwuliza atakula nini. Muulize kama amejiandaa kufundisha, kisha umlipie karo. Nanyi wenye shule, kanunueni gitaa moja tu mwanzo, lakini ombeni mwalimu kwanza. Shule yenye gitaa moja na mwalimu aliyesomea imeanza kazi. Yenye magitaa ishirini stoo na haina mwalimu, bado.