Mauaji ya Halaiki au ya Kimbari? Tahakiki ya Istilahi Moja

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wafasiri wetu, genocide halistahili kufasiriwa kwa pupa. Magazeti na redio hulitolea visawe viwili, mauaji ya halaiki na mauaji ya kimbari, na mara nyingi huvitumia kana kwamba havina tofauti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti ipo, na kwamba hata kilicho bora kati ya visawe hivyo kina upungufu.

Neno lenyewe si la kale. Lilibuniwa na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, katika kitabu chake cha mwaka 1944. Aliunganisha genos la Kiyunani, yaani mbari au kabila, na kiishio cha Kilatini chenye maana ya kuua. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba uliolipa maana ya kisheria: vitendo vya kukusudia kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la taifa, la kabila, la rangi au la dini fulani, kwa kuwa ni kundi hilo.

Tuvipime basi visawe vyetu. Halaiki, neno lenye asili ya Kiarabu, ni umati wa watu. Mauaji ya halaiki hueleza wingi wa waliouawa. Hayaelezi waliuawa kwa nini. Mtu akilipua soko pasi na kujali waliomo ni akina nani, hayo ni mauaji ya halaiki, wala si genocide. Kimbari hulenga shina la jambo: mbari ni ukoo, na aliyeuawa aliuawa kwa nasaba yake. Ni kweli kwamba dini si mbari, lakini kasoro hiyo ni ndogo.

Kasoro kubwa imo katika neno mauaji. Mkataba wataja vitendo vitano, na kuua ni kimoja tu. Vingine ni kuwadhuru vibaya wanakundi kimwili au kiakili, kuwawekea hali ya maisha ya kuwaangamiza, kuwazuilia uzazi, na kuwahamisha watoto wao kwa nguvu. Hayo si ya vitabuni tu. Tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kuamua kwamba ubakaji nao waweza kuwa kitendo cha genocide. Mwanamke aliyebakwa akanusurika mwaka 1994 yumo katika sheria hiyo. Katika mauaji yetu hayumo.

Pengine tutaambiwa kwamba Kiingereza nacho kina kiishio cha kuua. Naam, lakini kiishio hicho kimejificha katika Kilatini, ilhali mauaji kwetu ni neno la kila siku. Kinyarwanda, pamoja na kukopa jenoside, kina itsembabwoko, lililojengwa juu ya kitenzi cha kuangamiza.

Rai yetu ni hii: halaiki libakie kwa mauaji ya umati, kimbari lidumu, na darasani na mahakamani tuseme maangamizi ya kimbari. Istilahi inayowatambua wafu peke yao humnyima aliyenusurika neno la kulieleza lililompata.