Silabi ya Pili Kutoka Mwisho

Dakika moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa kwa simu yaweza kumla mwanafunzi wa lugha saa nzima na ushei akiinukuu. Anavaa hedifoni, anacheza sekunde tatu, anaandika, anarudisha nyuma, anacheza tena, anafuta alichoandika. Mwenzake wa chumbani, anayesoma uhasibu, anamaliza mizania yake, anakwenda kula, anarudi na kumkuta palepale, kwenye neno lilelile. Anamwuliza kama hilo neno lina deni. Kwa mtazamaji hiyo ni adhabu. Mimi naihesabu kuwa kazi bora kuliko nyingi zinazofundishwa chuoni, na nimeamua kuisifu hapa kwa sababu wanaosomea lugha husifiwa sana, ila kwa mambo mengine.

Husifiwa kila tarehe 7 Julai. Tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba zimekuwa nyingi: Kiswahili kimeingia Umoja wa Afrika, Kiswahili ni bidhaa, Kiswahili ni ajira, vijana changamkieni fursa. Sina ugomvi na fursa. Bumu la mkopo likichelewa, na mwenye kibanda cha chipsi keshaanza kukutazama kwa jicho la pembeni, fursa ina utamu wake. Lakini zisikilize hotuba hizo mwanzo hadi mwisho, hutajua mwanafunzi huyu hufanya nini hasa kutwa kucha. Wanaomdhihaki wako karibu zaidi na ukweli. Hao wana swali moja tu, na humwuliza nyumbani, kwenye daladala, hata ukweni: "Yaani umekwenda chuo kikuu kusoma Kiswahili? Kwani hukijui?"

Ni swali la haki, nalo lina jibu. Mwambie huyo anayeuliza ataje namna anavyosema habari za kula. Atasema ninakula, nimekula, nitakula, nilikula. Kote huko ku- ipo. Halafu atasema nikila, nikala, hula, sijala, na ku- haipo. Tena hata pale ilipokuwapo, ukitaja chenye kuliwa ndani ya kitenzi inatoweka: ugali nimeula, si *nimeukula*. Mtoto wa Temeke ambaye hajaanza hata shule anapatia yote hayo, wala hakuna mama aliyemkalisha akamfundisha. Sasa muulize mwenye swali: kwa nini? Hapo ndipo atakapokuambia ndivyo Kiswahili kilivyo, na akishasema hivyo amekwisha kukiri kwamba hakijui.

Sababu inapatikana ukisikiliza mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mzizi -la una silabi moja tu, kwa hiyo mkazo hauna budi kuangukia kile kilichoutangulia. Viko viambishi vinavyokubali kubebeshwa mkazo, kama -ki-, -ka- na hu-. Viko vinavyokataa, kama -na-, -me-, -ta- na -li-. Vikikataa, ku- inaitwa ije ibebe. Na u- ya nimeula ikiwapo, yenyewe inabeba, ku- inakosa kazi. Kanuni hii tunaitii kila mlo, asubuhi na jioni, na wengi wetu tutazikwa bila kujua kwamba tuliitii. Yuko pia mtu wa bara atakayekuambia sijakula, na hapo mwalimu wa shule ya msingi atainua kalamu nyekundu. Mwanafunzi wa isimu aliyefika mwaka wa tatu hainui kalamu. Anamwuliza mtu huyo ametokea wapi, na nyumbani kwao wanazungumza lugha gani.

Tabia hiyo haiji mara moja. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo ya lugha huanzia mdomoni. Wiki za kwanza za fonetiki utawaona vijana wamekaa kwenye ngazi za kumbi za mihadhara za Yombo wakijishika koo, wanatamka f, v, f, v, wasikie ni ipi inayotikisa nyuzi za sauti. Wengine huendeleza zoezi ndani ya daladala la Ubungo, na abiria huwapisha nafasi. Enzi zetu wanafunzi wa Kichina, wenye toni nne za kukariri, walituhurumia sana, na sisi tukawahurumia wao. Yapo madesa ya waliotangulia, yanarithiwa kwa foleni pale kwenye vibanda vya fotokopi. Yanafaa kwenye mofolojia, yanafaa zaidi kwenye nadharia za fasihi, na wako waliokwepa sapu kwa desa moja tu. Kwenye kunukuu sauti hayafai kitu. Sikio halidesiwi.

Kuna jambo huwa nalifikiria kuhusu nyumba wanamofunzwa vijana hao. TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili pale chuoni, iliundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, na Idara ya Kiswahili. TUKI nayo asili yake ni ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyowekwa na serikali za wakoloni ili kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa msingi wa Kiunguja. Yaani ni ukoo ulioanza kwa kazi ya kuhukumu: hili sahihi, lile si sahihi, hili liingie kitabuni, lile libaki Lamu. Kazi hiyo ilihitajika, na matunda yake tunayala. Bila hiyo tusingepata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyotulea sisi sote. Lakini ufundi anaofunzwa kijana wa leo katika nyumba ileile ni wa kuizuia hukumu isije mapema. Sikiliza kwanza. Andika kilichosemwa, si kilichopaswa kusemwa. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu kumnukuu shangazi yako neno kwa neno bila kumnyoosha.

Mimi ugumu huo niliuonea Handeni, mkoani Tanga, nilikokwenda kusikiliza Kizigula. Barua ya utambulisho ilitoka chuoni ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kijiji, ikiongezewa mhuri kila kituo, mpaka ilipomfikia aliyekusudiwa ikawa haina pa kusomeka. Bibi niliyepelekwa kwake hakuitazama. Alikuwa akipukuchua mahindi, wala hakuacha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuandika matusi yetu?"

Nilikuwa na orodha ya maneno, kama ilivyo desturi. Miaka ya 1970 Derek Nurse na Gérard Philippson walikusanya pale chuoni orodha za namna hiyo, maneno zaidi ya elfu moja kwa kila lugha, na mpaka leo wanaolinganisha lugha za Tanzania wanazirudia. Orodha ni chombo kizuri, ila ina kasoro moja: mtu ukimwuliza neno mojamoja anajiweka sawa, anakupa la heshima. Bibi alinipa Kiswahili kitupu. Mjukuu wake wa kweli alizidi kuharibu, akawa anamkumbusha toka mlangoni, "Bibi, sema vizuri, unarekodiwa." Nikaiweka orodha chini, nikauliza habari za nguruwe pori walioingia shambani. Basi. Kizigula kikafunguka chenyewe, pamoja na matusi, na mahindi yakiendelea kudondoka kwenye beseni, tki, tki, tki, ambayo ndiyo niliyoyasikiliza baadaye usiku kucha katika kila sentensi.

Neno lililonikesha lilikuwa kulombeza. Maana yake ni kuomba, na hiyo l ya mzizi ndiyo ambayo Kiswahili kilikwisha kuidondosha zamani. Sauti ya bibi ilipanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sikio la Mswahili halishtuki hapo, linasema ni mkazo, tumeuzoea. Nikamwomba kulombezeza, kuombea: sauti ikahama, ikapandia tena silabi ya pili kutoka mwisho. Kulombezezana, kuombeana: ikahama tena. Bado waweza kushikilia kwamba ni mkazo tu. Kinachouvunja ushahidi huo ni kitenzi kingine kabisa, kudamanya, yaani kufanya. Nafasi ya kupandia ipo, silabi ya pili kutoka mwisho ipo, na sauti haipandi. Kudamanyiza, haipandi. Kudamanyizana, tambarare tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwomba bibi anipigie mluzi wa maneno hayo bila kuyatamka, ni njia ya zamani ya kuipata toni ikiwa peke yake. Akakataa, mluzi si wa wanawake. Akafumba mdomo akayavuma kwa pua, moja baada ya jingine, na tofauti ikawa wazi hata kwa yule mjukuu mlangoni, ambaye alicheka na kuanza kuvuma na yeye.

Kwa hiyo si mkazo. Ni toni. Mzizi mmoja unayo ya juu, mwingine hauna, na mwenye lugha anajua upi ni upi kama anavyojua maana yake. Tena mzizi ulio nayo haukai nayo. Toni huanzia kwenye mzizi lomb-, ikasafiri kupita viambishi vyote mpaka silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe refu namna gani. Kiswahili nacho kinatokana na lugha za toni. Zake zikapotea, kikabaki na mkazo mahali hapohapo ambapo toni ya Kizigula inakwenda kutua. Jambo hili si ugunduzi wangu. Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walikwisha kulichapisha mwaka 1990 katika makala yao kuhusu toni za Kizigula. Nilipoisoma sikuona nimepokonywa kitu. Wao walilisikia kwao, mimi nikalisikia katikati ya mahindi.

Siku hizi iko programu ya Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, inatolewa bure, na ukiitia sauti inakuchorea mstari wa kidatu, kupanda na kushuka kwa sauti, kwenye kompyuta. Inasaidia sana na nisingependa kurudi nyuma yake. Lakini mstari hauji na swali. Ungeitia kulombeza peke yake mara mia ingekuonyesha mlima mara mia, na wewe ungeandika mkazo ukalala. Ufundi wenyewe ni kujua kwamba sasa inatakiwa kudamanya. Hilo ndilo linalochukua miaka mitatu ya kujishika koo kwenye ngazi, na ndilo nisiloliona likitajwa tarehe 7 Julai.

Ajira je? Katika tuliosoma pamoja wako wanaofundisha, wako wafasiri, wako redioni. Na wako benki, wanahesabu hela za watu, na ukikaa nao meza moja bado watakukatiza kukuuliza umesemaje hapo, hebu rudia.

Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Ziko za Kibantu, za Kiniloti, za Kikushi, na Kisandawe na Kihadzabe zenye sauti za kidoko. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009 ikionyesha kila moja inazungumzwa wapi. Kujua mahali inapozungumzwa ni kazi kubwa. Kujua sauti yake inapanda wapi na kwa nini ni nyingine, na kwa lugha nyingi hiyo bado haijafanywa. Atakayeifanya huenda ni kijana atakayebisha hodi kwenu likizo hii, ana simu, daftari na barua iliyojaa mihuri. Mkaribishe. Zima redio. Mwache bibi aseme anavyosema, wala usimsahihishe kutoka mlangoni. Na kama mna jogoo, mfungieni mbali kidogo.