Mzigo Mmoja, Pikipiki Mbili

Sheria ya leseni ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 19 Januari 2013, inawapandisha waendesha pikipiki kwa ngazi. Uswidi, kwa mfano, kijana wa miaka 16 hupewa leseni ya A1: injini isiyozidi sentimita 125 za ujazo, nguvu isiyozidi kilowati 11. Akifika 18 aweza kupanda hadi A2, ambako mpaka ni kilowati 35. Zile kubwa zisizo na mpaka, zinazovusha watu wawili na masanduku yao nchi hadi nchi kwa mwendo wa kasi bila kuchoka, huzipata akiwa na miaka 20 ikiwa amekaa A2 miaka miwili, au 24 ikiwa anaruka moja kwa moja.

Kwa hiyo pikipiki ya TVS ya 125 huko ni chombo cha mwanafunzi. Hapa Kiringye TVS hiyohiyo ni lori, teksi, ambulensi, na siku nyingine gari la maiti. Nimeiona ikipita na mabati yaliyoviringishwa, na magodoro yaliyomficha motari, yaani dereva wa pikipiki ya kukodi, mpaka ikabaki kofia tu, na mbuzi watatu waliofungwa miguu wakitazama nyuma kama abiria waliokata tamaa. Nimeiona ikipanda kuelekea hospitali ya Lemera na mgonjwa aliyekaa katikati, motari mbele yake na ndugu yake nyuma, wote watatu wamefungwa kitenge kimoja ili asianguke akizimia. Hakuna ngazi ya leseni iliyoandikwa kwa ajili ya safari hiyo.

Kiringye iko katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 inayotoka Bukavu kwenda Uvira. Ukitoka Bukavu bila kuvuka Rwanda unateremka Ngomo, mlima wenye kona ambazo madereva huzisimulia kwa sauti ya chini, kisha Kamanyola, kisha bonde linafunguka. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 770 hivi, na mto Ruzizi unamaliza sehemu kubwa ya mteremko huo kabla hujatufikia. Sisi tumebakiziwa tambarare, joto, mpunga, muhogo, nyanya, na mito mifupi inayoshuka kwa hasira kutoka milima ya Mitumba na kuikata barabara kila baada ya mwendo mfupi. Kiangazi, vumbi linafika kwenye nyusi. Masika, udongo unashika gurudumu mpaka haliwezi kuzunguka ndani ya madigadi yake.

Sasa tupige hesabu. TVS yenyewe ina kilo 115 hivi. Motari, 65. Mama anayerudi kutoka soko la Luvungi, 70. Mwanawe, 25. Gunia la unga wa muhogo, 100. Jumla ni kilo 375. Tuchukue upande wa pili Yamaha FJR1300, pikipiki ya safari ndefu na kasi iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2001: ikijazwa mafuta ina karibu kilo 290, na mwenyewe akikaa juu, mtu wa kilo 75, inakuwa 365. Aliye Kiringye anaendesha uzito mkubwa zaidi. Ile Yamaha ina nguvu za farasi zaidi ya 140. Za TVS hazifiki 12, na breki zake ni za ngoma.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kuhusu ufundi wa motari wetu. Watu hudhani mtu anapohama kutoka pikipiki ndogo kwenda kubwa anahama kutoka wepesi kwenda uzito. Motari wa bonde hili hajawahi kuujua wepesi. Amekuwa akiendesha pikipiki kubwa miaka yote, ila kubwa hiyo aliitengeneza mwenyewe kila asubuhi kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka chubu za matairi ya magari.

Kazi yake inaanza kabla ya kuwasha injini. Gunia likikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma linakuwa wenzo: linanyanyua gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele lisipobana ardhi, usukani unakuwa pambo. Kwa hiyo motari mzoefu hulaza gunia kwa upana, karibu na abiria kadiri inavyowezekana, halafu humwambia abiria asogee mbele mpaka ampumulie shingoni. Kama ni kupanda mlima, anaweka jerikeni au begi juu ya tangi, kusudi kuikandamiza ile mbele inayotaka kuruka. Anatikisa. Mzigo ukicheza kidole kimoja anaufungua wote na kuanza upya, hata kama abiria ana haraka na amekwisha lipa. Mzigo uliofungwa vibaya hauanguki pale kijijini. Unasubiri shimo la kwanza, tena lile ambalo dereva ameamua kulipita kwa ujanja.

Watengenezaji wa Japani na Ujerumani wamefanya kazi hiyohiyo kwa miaka, kwa hesabu na kompyuta. Kwenye FJR injini imewekwa chini, masanduku yananing'inia kando ya gurudumu la nyuma badala ya kukaa juu yake, na nguvu inakwenda nyuma kwa fimbo ya chuma badala ya mnyororo, ili msafiri asihangaike kuukaza na kuupaka mafuta njiani. BMW walipotoa R100RS mwaka 1976, kava lake lilikuwa limechongwa baada ya majaribio katika handaki la upepo, ili dereva asafiri siku nzima bila kupigwa kifuani. Sisi upepo si tatizo letu. Hatufikii mwendo huo. Lakini suala la uzito ukae wapi, mhandisi wa München na kijana wa Kiringye wamelikuta kila mmoja kwa njia yake, na jibu lao ni moja.

Haki itendeke pia kwa wahandisi: hata hizi ndogo hazikuja zilivyo kwa bahati. Honda walipotengeneza CG125 ya mwaka 1976, waliacha mnyororo unaoendesha vali kutoka juu ya injini wakarudi kwenye mtindo wa zamani wa vijiti, kwa sababu walikuwa wameona jinsi watu wa nchi zetu wanavyopakia kupita kiasi na kusahau kubadilisha mafuta. Injini ile imenakiliwa China kwa namna zisizohesabika. Ukitazama vizuri, waliobeba kupita kiasi ndio waliochora chombo hicho. Mhandisi alishika kalamu tu.

Mdogo wangu alikuwa motari hapa kabla ya kuhamia Göteborg. Uswidi si jina geni kwa wazee wetu: wamisionari wa Kipentekoste wa huko ndio walioanzisha hospitali ya Lemera, ile ambako daktari Denis Mukwege alianzia kazi kabla ya dunia kumjua. Mdogo wangu alikuwa amepita miaka 24, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye leseni ya pikipiki kubwa. Mtihani wa huko una sehemu ya kwenda polepole sana kati ya koni, na sehemu ya mwendo wa kasi na kusimama ghafla. Katika ile ya polepole, mwalimu wake alidhani anadanganya aliposema hajawahi kukalia pikipiki kubwa. Alishika klachi nusu, akakanyaga breki ya nyuma kidogo, macho mbali, mabega yamelegea, pikipiki ikapita kati ya koni kama inayovutwa kwa uzi. Kwa nini isipite? Mtu aliyevuka matope ya masika na mama mjamzito nyuma, huku watu wanamwangalia na mguu hauruhusiwi kugusa chini, ataogopa koni za plastiki?

Breki ndiyo iliyomsumbua. Alinipigia simu usiku.

"Yaya, mkono unakataa."

"Unakataa nini?"

"Freni ya mbele. Mwalimu anasema nibane. Kichwa kinakubali, mkono unakataa."

Nilimwelewa mara moja. Katika mchanga na vumbi la kwetu, anayegusa breki ya mbele analala chini kabla hajajua kilichotokea; gurudumu linafunga, linateleza, basi. Kila motari wa bonde amefundishwa na wakubwa wake kuisahau, na kwenye mteremko hutumia gia: anashusha hadi ya pili au ya kwanza na kuiacha injini ishikilie mzigo. Lakini kwenye lami kavu mambo yanageuka. Ukibana, uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na nguvu nyingi ya kusimama iko mbele. Pikipiki kubwa za leo zina kifaa kinachozuia gurudumu lisifunge. BMW walianza kukiweka kwenye pikipiki zao za K100 mwaka 1988. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya mashine yenye kifaa hicho, na vidole vyake bado vilikuwa katika mchanga wa Bwegera. Alihitaji wiki nyingi kuvishawishi.

Mkono wa kulia nao ulikuwa na tabia yake. Kwenye TVS yenye gunia, kishikio cha mafuta hufunguliwa mpaka mwisho na kuachwa huko. Hakuna kilichobaki cha kuogopa, injini imekwisha toa ilicho nacho na inaomba msamaha. Kwenye FJR robo ya mzunguko huo inatosha kukutoa katika sheria. Aliniambia kwamba kitu kigumu kuliko vyote ni kuendesha chombo ambacho hakikwambii hapana. Ndogo hukataa: mlima ukizidi inapumua, unashusha gia, abiria anashuka na kutembea kidogo, na hakuna anayeona aibu. Kubwa inakubali kila unachoomba, hata upuuzi.

Kuna jambo moja ambalo hakufundishwa upya. Pikipiki ikiwa katika mwendo, ukitaka kwenda kushoto unasukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Gurudumu linaelekea kulia kidogo, pikipiki inalala kushoto, ndipo inapinda. Wilbur Wright, fundi wa baiskeli wa Dayton aliyerusha ndege na ndugu yake mwaka 1903, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi wanavyofanya wakitaka kupinda kushoto, na hakupata hata mmoja aliyemweleza sawasawa, ingawa wote walikuwa wakifanya. Mdogo wangu alipoelezwa somo hilo ubaoni alishangaa kwamba ni somo. Ukibeba kilo 375 juu ya matairi membamba huwezi kupinda kwa kuinamisha kiwiliwili, kwa sababu abiria atainama upande wake kwa hofu na kukutibulia hesabu. Mikono inajua zamani.

Hapa bondeni wapo waliopanda ngazi, ila ngazi yetu ni fupi. Baiskeli, kisha TVS, kisha Boxer ya 150 kwa aliyefanikiwa, kisha ya magurudumu matatu kwa anayetaka kubeba matofali. Hospitali na miradi ilituletea Yamaha DT125 na AG100, hii ya pili imebuniwa kwa wafugaji, ina stendi kila upande na mnyororo uliofunikwa. Vijana walizitamani. Lakini zilikunywa mafuta na oili pamoja, vipuri vyake havikupatikana kwa muuzaji wa kando ya barabara, na pikipiki nzuri inayoonekana kutoka mbali, katika nchi yenye bunduki nyingi zisizo na kambi, ni barua ya mwaliko. Motari wengi wanaoweza kununua kubwa hawanunui, na ninaamini wana akili.

Ila sababu kubwa ni mito. Maji yakijaa na daraja likiwa limekwenda, vijana wa kando ya mto hupitisha miti miwili chini ya TVS, wanainyanyua mabegani wakiwa wanne au sita, na kuivusha huku maji yamewafika kifuani, motari akiwafuata na viatu vyake mkononi akibishana bei. Hiyo ndiyo kanuni ya ukubwa wa pikipiki katika bonde la Ruzizi, na hakuna sheria ya Ulaya iliyoifikiria: isizidi kile ambacho wanaume sita wanaweza kukibeba ndani ya maji.

Mwaka jana mdogo wangu alianza kupanga kuituma FJR yake nyumbani kwa kontena, ipitie Dar es Salaam, ipande hadi Uvira. Alitaka tuione. Nilimwuliza nani ataivusha mto Runingu ukijaa, na esansi ya kwenye chupa, ile ya kadhafi, muuzaji wa kando ya barabara, iliyochanganywa na nani ajuaye nini, itaifanyia nini injini ya bei hiyo. Alikaa kimya, kisha akacheka, kisha akauliza atume nini basi.

Nilimwambia atume minyororo ya 428, ile iliyotengenezwa vizuri isiyorefuka baada ya mwezi mmoja, na amortiseri za nyuma zenye springi nene. Minyororo aliipata kwa urahisi, kwa sababu pikipiki za wale watoto wa A1 nyingi hutumia saizi hiyohiyo. Amortiseri za kubeba gunia la kilo 100 na mama na mwanawe, muuzaji wa Göteborg hakujua zinatengenezwa wapi, wala za nini.