Asidi Haijaenda Popote

Betri ya gari ikifa, watu wengi hufikiria kwanza kuiongezea asidi. Hesabu yao inaonekana sawa: betri hufanya kazi kwa asidi, nguvu zimekwisha, basi asidi nayo imekwisha. Wapo wanaojiita mafundi ambao humimina asidi hiyo papo hapo, wakapokea pesa zao, na dereva akaondoka ameridhika. Gari huwaka siku chache. Kisha betri hufa tena, na safari hii haifufuki. Fundi ninayetaka kumsifu hapa hagusi chupa ya asidi. Anajua kwamba asidi ya betri iliyokufa haijaenda popote. Imo humo humo ndani, imejishika kwenye mabamba ya risasi, na kazi yake yeye ni kuirudisha majini ilikotoka.

Karibu kila mji wa Kenya una Majengo yake. Meru ina yake na Embu ina yake: mitaa ya zamani ambako Kiswahili hakikungoja shule ili kizungumzwe, na Mmeru, Mwembu, Msomali na Mswahili wa pwani wamepanga vyumba ukuta kwa ukuta. Kazi za mikono hustawi mahali pa namna hii, kwa sababu wateja hawana pesa za kutupa kitu kinachoweza kutengenezwa. Kibanda cha fundi betri ni rahisi kukitambua. Betri zimepangwa chini zikiwa zimeunganishwa kwa waya, vifuniko vyake vimefunguliwa, chaja inavuma, na hewa ina ukali unaokwaruza koo. Pembeni kuna mtungi wa maji safi ya betri, ndoo ya maji ya magadi, na kipimo cha kioo chenye mpira mwekundu kichwani. Kipimo hicho ndicho haidromita, na nikiulizwa ni chombo gani cha mafundi wetu kinachostahili heshima zaidi, nitakitaja hicho.

Ili kuona kwa nini, inafaa tuingie ndani ya betri yenyewe. Betri ya kawaida ya gari ina seli sita, na kila seli hutoa volti mbili na kidogo, ndiyo maana betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Katika kila seli mabamba ya aina mbili yamezama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Aina ya kwanza ni risasi tupu, ya pili ni oksidi ya risasi, yenye rangi ya kahawia iliyokolea. Dereva anapowasha gari, pande zote mbili huishambulia asidi kwa pamoja. Salfeti hutoka kwenye asidi ikashikamana na risasi, oksijeni ya oksidi hukutana na haidrojeni ya asidi, na maji mapya huzaliwa. Mwisho wa safari, mabamba yote mawili yamepakwa salfeti ya risasi, na kile kilichokuwa asidi kali kimekaribia kuwa maji. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya namna hii mwaka 1859, na jambo lililoifanya idumu hadi leo ni kwamba mmenyuko huo hukubali kurudishwa nyuma. Pitisha umeme kwa njia ya kinyume, salfeti itaachia risasi, itarudi majini, na asidi itakuwa asidi tena.

Anayeongeza asidi katika betri iliyokufa anasahau ile iliyojificha. Betri ikichajiwa, asidi ya zamani hutoka na kuikuta ile ngeni, mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi, na mabamba yanaliwa. Kinachopungua kikweli katika betri nzima ni maji, kwa kuwa maji hupaa kwa joto na huvunjwa na umeme, ilhali asidi ya salfuriki haipai. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji tu, tena yaliyotoneshwa. Maji ya bomba au ya kisima hubeba chumvi na chuma, na vitu hivyo huila betri polepole hata ikiwa imekaa bila kazi.

Sasa fundi atajuaje kama asidi imejificha au imerudi? Huipima uzito. Lita ya maji ni kilo moja. Lita ya asidi ya salfuriki isiyochanganywa ni kilo 1.84. Mchanganyiko wa betri iliyojaa huwa na uzito wa kilo 1.28 hivi kwa lita, na wa betri tupu hushuka hadi 1.12. Fundi hubonyeza mpira, hunyonya kiowevu kidogo, na kielea kilichomo ndani ya kioo hupanda au huzama. Kikipanda, asidi ipo majini. Kikizama, asidi imo kwenye bamba. Kemia yote niliyoieleza hapo juu inasomwa kwa mstari mmoja wa kioo, na mwenye kuusoma pengine hakumaliza darasa la nane.

Nimemtazama fundi mmoja mzee akipima seli moja baada ya nyingine, zote sita, bila kuruka hata moja. Dereva alikuwa na haraka na alimwambia, "Mzee, si hizo zote ni sawa?" Mzee hakuinua kichwa. "Zingekuwa sawa, mwanangu, usingekuja kwangu." Alisema kweli. Tano zikisoma 1.25 na moja ikisoma 1.15, hilo si suala la chaji. Hiyo seli moja ni mgonjwa, na betri nzima itaanguka naye. Kuipima seli moja na kuihukumu betri nzima ni uzembe ambao mzee huyo hakuuvumilia.

Hata baridi ya Meru ina nafasi katika hesabu hii. Mwezi wa Julai, asubuhi zenye ukungu, kiowevu kilichopoa husinyaa na kuwa kizito zaidi, kwa hiyo kipimo husema betri ina nguvu kuliko ilivyo. Kwa kila nyuzi kumi za joto, usomaji husogea kwa takriban 0.007. Fundi mwenye uzoefu hasemi tarakimu hizo, lakini hukataa kuamini usomaji wa alfajiri mpaka betri ipate joto la mchana.

Wateja wanaomsumbua zaidi ni madereva wa miraa, na mimi nawaelewa. Miraa inayotoka Maua na vilima vya Nyambene ni mzigo ambao wenyewe uko katikati ya mmenyuko. Kathinoni, kemikali inayoipa nguvu, huanza kubadilika kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi, tangu jani linapochumwa, na baada ya siku mbili hivi mnunuzi haitaki tena. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya migomba ili isinyauke, na ndiyo maana pikapu hukimbia. Dereva anataka betri yake ichajiwe kwa saa moja. Fundi anataka kuichaji kwa mkondo mdogo, sehemu ya kumi ya ujazo wake, yaani ampea saba kwa betri ya ampea-saa sabini, usiku kucha. Kuisukuma kwa nguvu hupasha mabamba moto, huyapinda na kuangusha unga wake chini. Hapo mmenyuko mmoja unakimbizana na mwingine, na fundi anayesimama imara, akamwazima dereva betri nyingine badala ya kuiunguza yake, anatenda wema ambao dereva hatautambua mpaka mwaka mwingine.

Betri ikikaribia kujaa, huanza kutoa mapovu. Ni haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni ikifika asilimia nne tu ya hewa, cheche moja inatosha kulipua. Kwa hiyo hakuna sigara hapo, mlango hubaki wazi, na chaja huzimwa kabla ya kutoa vibanio. Lakini mapovu hayo yana faida pia: asidi nzito hupenda kutuama chini ya seli, nayo huikoroga.

Ndoo ya magadi hukaa karibu na mkono wake kwa sababu nzuri. Magadi hutoka katika ziwa linaloitwa hivyo hivyo, huko Kajiado, ambako kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na wengi tunayajua kutoka jikoni, kwenye sufuria ya maharagwe. Ni besi. Yakimwagwa juu ya terminali iliyoota unga mweupe, hufoka povu la kaboni dioksidi, na ukali wa asidi huisha. Fundi hufunga vifuniko vyote kwanza, maana magadi yakiingia ndani ya seli yataiua asidi inayotakiwa pamoja na ile isiyotakiwa. Kisha husuuza, hukausha, hupaka grisi. Tone la asidi likimrukia shati, hulimwagia maji hapo hapo. Akiliacha likauke, maji yatapaa, asidi itabaki na kuzidi ukali, na shati la pamba litatoboka.

Hatari kubwa zaidi haitoi povu wala haiwashi. Risasi ni sumu, kwa watoto hasa, na unga wake hufika nyumbani kwa nguo na mikono. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walitiwa sumu na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao. Phyllis Omido aliwapigania hadharani, akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ninapomsifu fundi betri, simsifu anayemwaga tope la seli mtaroni au kupasua betri mbele ya watoto. Ustadi ninaousema unajumuisha kunawa kabla ya kula, na kuipeleka betri iliyokwisha mahali ambapo risasi yake itayeyushwa bila kuwafikia majirani.

Eneo hili la Meru linadaiwa na betri kuliko linavyokumbuka. Kabla nguzo za umeme hazijafika vijijini, betri za gari zilibebwa mjini kuchajiwa ili familia itazame televisheni. Mwaka 1984, Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins waliweka umeme wa jua katika shule ya sekondari ya Karamugi, katika Meru ya wakati ule, na kutokana na kazi hiyo vijana wa hapa walifundishwa kufunga mitambo ya jua. Paneli ya jua ilikuwa juu ya paa, lakini usiku taa ziliwashwa na betri ya risasi na asidi.

Leo betri nyingi huja zimefungwa kabisa, hazina vifuniko vya kufungua, na lithiamu inaingia madukani. Sina ugomvi nazo. Kinachonisikitisha ni kwamba asidi, besi na viashiria vimekuwa vikifundishwa katika kidato cha kwanza, na elektrokemia katika kidato cha nne, na mwanafunzi wa Meru ameweza kumaliza yote mawili bila kushika haidromita. Ameponda maua kutengeneza kiashiria, amekariri milinganyo, kisha amepita mbele ya kibanda cha Majengo akielekea stendi. Mwalimu wa kemia aliye na ruhusa ya mchana mmoja na wanafunzi kumi wenye miwani ya kinga angeweza kuwaleta hapa, awaombe wapime seli sita za betri tupu, waondoke, warudi kesho yake asubuhi wazipime tena. Watakuta uzito umepanda na hakuna aliyetia kitu. Hapo ndipo waulizwe asidi ilikuwa wapi usiku kucha, na mzee awasikilize wakijibu.