Mkono Hutikisika, Kitulizi Hushika: Darubini za Ndege kwenye Mafunjo ya Nakivale

Ziwa Nakivale halimpi mtazamaji wa ndege nafasi ya kusogea. Sehemu kubwa ya ukingo wake ni mafunjo yaliyosimama kwenye tope, na ndege wengi wanaotafutwa hukaa upande wa maji, si upande wa nchi kavu. Mkazi wa Rubondo, mojawapo ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, akishuka ziwani ana njia mbili: kusimama mbali mahali pakavu, au kuomba nafasi kwenye mtumbwi wa wavuvi. Akisimama mbali, anahitaji darubini yenye nguvu kubwa. Akipanda mtumbwi, maji humyumbisha yeye na darubini yake. Kote kuwili adui ni mmoja, nao ni mtikisiko.

Hesabu yake ni nyepesi. Darubini ya mara 10 hukuza kila kitu mara 10, pamoja na kutetemeka kwa mikono iliyoishika. Mikono ikiyumba sehemu moja ya kumi ya digrii, kiasi ambacho mwenyewe hakihisi, picha machoni huyumba digrii nzima, yaani upana wa mwezi mpevu mara mbili. Ndiyo maana waongozaji wengi wa watazamaji ndege hubaki kwenye mara 8 au 10. Ukipita hapo kwa mikono mitupu, ndege anaonekana mkubwa zaidi lakini husomi zaidi mwilini mwake.

Na kusoma ndiyo kazi yenyewe. Korongo taji, ndege wa taifa la Uganda, hahitaji chombo cha gharama; umbo lake linamtaja tangu mbali. Furukombe naye kichwa chake cheupe kinatosha. Shida huanza kwa chamchanga, wale ndege wadogo wa topeni wanaokuja kutoka Ulaya na Asia na kukaa kwetu takriban kuanzia Septemba hadi Aprili. Mmoja hutofautiana na mwenzake kwa rangi ya miguu, kwa mdomo ulionyooka au uliopinda kidogo, kwa mstari mweupe juu ya jicho. Alama hizo ni nyembamba mno, na mtikisiko huzifuta kabla ya kitu kingine chochote.

Sehemu hii ya Uganda inastahili macho makini. Mto Rwizi unaopita mjini Mbarara unaelekea kwenye mfumo wa ardhi oevu unaounganisha maziwa ya Mburo, Nakivale na jirani zake, na mwaka 2006 eneo la Mburo na Nakivale liliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Watalii hukimbilia upande wa Ziwa Mburo, kwenye hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1983. Upande wa Nakivale watazamaji ni wachache, ingawa makazi haya yamekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na wamo ndani yake watu wanaolijua ziwa kuliko mgeni yeyote.

Tuje kwenye ufundi. Wazo la kitulizi, yaani mfumo wa kutuliza picha ndani ya darubini, lina mizizi hata barani mwetu. Luis Alvarez, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobeli mwaka 1968, alilifuatilia tatizo hili baada ya safari ya kutazama wanyama Afrika katika miaka ya 1960, alipochoshwa na picha zilizokuwa zikirukaruka machoni pake. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani nayo ilitoa darubini yake ya mara 20 yenye lenzi za milimita 60, inayotuliza picha kwa mitambo mitupu, bila betri. Ni kazi ya ajabu ya mafundi, lakini ina zaidi ya kilo moja na nusu na bei yake haikuwahi kuwa ya mtu wa kawaida. Kilichofungua mlango ni Canon ya Japani, mwaka 1995, kwa darubini ya mara 12 yenye lenzi za milimita 36.

Ndani ya kila bomba la darubini hiyo kuna vioo viwili bapa vilivyounganishwa kwa mkunjo unaonyumbulika kama mfuko wa kodiani, na kati yake kumejazwa kimiminika kinachopitisha mwanga. Vioo vikiwa sambamba, mwanga unapita moja kwa moja. Kimoja kikiinamishwa kidogo, kimiminika kinachukua umbo la kabari, na mwanga unapinda. Vihisi vidogo vya giroskopu vinapima mwendo wa darubini, kimoja kwa kupanda na kushuka, kingine kwa kwenda kulia na kushoto. Kompyuta ndogo inapokea vipimo hivyo na kuamuru vioo viiname kwa kiasi cha kufuta mwendo ule. Yote hutokea kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuifuata. Unabonyeza kitufe, na ndege aliyekuwa akicheza ndani ya duara anasimama.

Fujinon, pia ya Japani, ilipita njia nyingine. Yenyewe huzining'iniza prizimu, vile vipande vya kioo vinavyoigeuza picha iwe wima, kwenye fremu inayozunguka pande mbili, na mota huzishikilia mahali pake hata bomba likiyumba. Tofauti ya njia hizi mbili ina uzito mkubwa kwa mtu wa Nakivale. Mfumo wa vioo na kimiminika unaweza kusahihisha mwendo wa karibu digrii moja hivi. Mfumo wa prizimu zinazoning'inia, kwenye darubini ya mara 14 ya Fujinon, hufika digrii 5. Mikono iliyosimama nchi kavu haivuki digrii moja, kwa hiyo Canon inatosha na hata kuzidi. Mtumbwi wenye wavuvi wawili na nyavu zao, upepo wa mchana ukivuma, unaivuka bila taabu. Hapo kitulizi kidogo hugonga ukuta: picha inatulia, kisha inaruka ghafla, kisha inatulia tena, na mtazamaji huanza kusikia kichefuchefu. Kwenye mtumbwi, basi, Fujinon ina haki ya kusifiwa, ingawa nayo ni nzito na duara lake la kuonea ni jembamba.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Giroskopu inahisi mwendo wa darubini tu. Haijui kwamba bua la mafunjo linapeperushwa na upepo na ndege yuko juu yake. Haijui chochote kuhusu mazigazi, ule mtetemo wa hewa yenye joto juu ya maji ya kina kifupi kuanzia saa nne asubuhi na kuendelea. Nyakati hizo darubini bora kuliko zote itakuonyesha mtetemo uliotulizwa vizuri. Dawa ya mazigazi ni kuamka mapema.

Kuamka mapema nako kunaleta suala la mwanga, na hapa ndipo wengi hukosea wanaponunua. Gawanya upana wa lenzi kwa ukuzaji, utapata upana wa mwale unaoingia jichoni. Darubini ya kawaida ya 8 kwa 42 inatoa zaidi ya milimita 5. Ya kitulizi ya 12 kwa 36 inatoa milimita 3. Saa kumi na mbili alfajiri, mboni ya jicho bado imepanuka, na milimita 3 ni chache. Ndege wa kahawia ndani ya kivuli anabaki kivuli. Kitulizi hurudisha sehemu ya hasara hiyo, kwa sababu jicho hupata muda wa kukusanya picha iliyosimama, lakini hakitengenezi mwanga.

Vilevile darubini hiyo ya 12 kwa 36 haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko mita 6. Tiva wa mafunjo, yule mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, huitikiana na mwenzake ndani kabisa ya mafunjo, hutokeza kwa sekunde chache, tena mara nyingi karibu nawe. Kwa ndege huyo, 8 kwa 42 ya kawaida yenye duara pana inashinda kila kitulizi. Sioni sababu ya kulificha hilo.

Utumiaji una adabu zake. Mtafute ndege kwanza, rekebisha ukali wa picha, ndipo ubonyeze kitufe na usubiri kidogo ili mfumo ushike. Akiruka, achia kitufe, kwa sababu kitulizi huupinga kila mwendo wa darubini kwenda upande na picha huwa kama inaogelea. Kwa kuhesabu makundi ya bata au mnandi walio mbali, chombo hiki hakina mpinzani wa bei yake: picha ikisimama, unaweza kugawa kundi kwa makumi na kulirudia bila kupoteza ulipofikia. NatureUganda, shirika linaloratibu hesabu za ndege wa majini nchini, hutegemea watu wa kujitolea, na kazi kama hiyo mkazi wa ziwani anaiweza.

Kuhusu betri, angalia kabla hujalipa. Canon za 10 kwa 30, 12 kwa 36 na 10 kwa 42 hutumia betri mbili za AA, zile zinazopatikana kwenye maduka ya Mbarara na hata kwenye vibanda vya sokoni. Zile ndogo mpya za 10 kwa 20 na 12 kwa 32 hutumia betri ya CR123A, ambayo huwezi kuitegemea mbali na mji mkubwa. Ya 10 kwa 42 inastahimili maji na kioo chake ni bora kuliko vya wenzake, lakini inazidi kilo moja na hula betri upesi. Habari njema ni kwamba betri zikiisha, Canon hubaki darubini ya kawaida.

Kuna jambo lisilo la ufundi. Nakivale ni makazi ya watu walioikimbia vita, na mtu anayeelekeza darubini upande wa nyumba zao anaweza kuamsha hofu ya kweli. Mgeni apate kwanza kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi, awasalimie wazee wa eneo, aeleze anachotafuta, kisha ampe mama au kijana aliye karibu naye aone mwenyewe. Darubini iliyopita mikononi mwa watu haimtishi mtu.

Hukumu yangu, basi. Mtu mmoja mwenye fedha za darubini moja anunue 8 kwa 42 ya kawaida iliyo nzuri. Kikundi cha watu wa Rubondo kinachotaka kuhesabu ndege wa ziwa mwaka hadi mwaka kichange kipate moja yenye kitulizi, ya mara 10 au 12, inayotumia betri za AA. Wala msinunue kwa maneno ya muuzaji: tokeni nayo nje ya duka, tafuteni bango lenye maandishi madogo ng'ambo ya barabara, lisomeni kabla ya kubonyeza kitufe na baada ya kukibonyeza. Msipoona tofauti, rudisheni.