Fundi wa Vikao

Nilimkuta amepiga magoti chini ya meza, anabandika waya wa umeme sakafuni kwa selotepu ili asije mtu akajikwaa. Lilikuwa darasa la kuazima, Balangdalalu wilayani Hanang', na watu walioitwa kujifunza mfumo mpya wa mahesabu walikuwa bado njiani. Alipoinuka alikwenda kuketi kiti cha nyuma kabisa, akakaza macho kwenye mwanga wa projekta ukutani, akarudi mbele kukuza maandishi, kisha akaenda kuketi tena kulekule nyuma. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na kiti kile kimoja. "Kaka, anayetoka mbali ndiye atakayefika wa mwisho," alisema, "na anayefika wa mwisho atakaa hapa."

Kazi yake ni kuandaa mikutano ya watumiaji wa mifumo ya kompyuta pamoja na wanaoitengeneza, na kuzungusha mafunzo hayo wilaya hadi wilaya. Kwenye barua huandikwa mratibu. Wageni rasmi humshukuru mwishoni, pamoja na wapishi na dereva, wakati watu wameshaanza kukusanya mikoba. Sifa huenda kwa aliyeandika programu, na kwa mtoa mada mwenye tai. Mimi namwita fundi, na nasema hivyo baada ya kuona vikao vingi vilivyoandaliwa na wasio mafundi.

Ufundi wake huanzia kwenye kalenda. Mtu wa mjini hupanga tarehe kwa kuangalia ukumbi upo wazi lini. Yeye huanza na maisha ya watu anaowaita. Juni haigusi kabisa, maana mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 na hakuna mhasibu mwenye akili timamu atakayeondoka mezani. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, Novemba kuna kidato cha nne, kwa hiyo walimu hawapatikani. Machi na Aprili tope la Hanang' humwacha mwenye pikipiki kando ya barabara na mwenye gari vilevile. Jumamosi ina Wasabato, Ijumaa mchana ina wenzao Waislamu. Baada ya kutoa zote hizo, siku zinazobaki ni chache, na hapo ndipo huulizia tarehe ya mnada. Wenzake humshangaa. Lakini minada ya Hanang' na Mbulu huja kwa tarehe zake za mwezi, na siku hiyo malori na Noah hutoka vijijini alfajiri. Anayepanga mafunzo yaishe mkesha wa mnada amewapatia washiriki usafiri wa kurudi, na pa kununua mahitaji ya nyumbani kwa posho yao, bila kuandika hata mstari mmoja kwenye bajeti. Mnada wenyewe, ukifikiri vizuri, ndio maonyesho ya kuzunguka ya kale kuliko yote katika nchi hii: wenye bidhaa wanawafuata wenye shida, kwa tarehe inayojulikana na kila mtu.

Ufundi wake haukuzuka jana. Mwaka 1955 watumiaji wa kompyuta za IBM huko Los Angeles waliunda chama walichokiita SHARE, wabadilishane programu na uzoefu, na wawe na sauti moja mbele ya aliyewauzia mashine. Kwetu kikao cha namna hiyo kilikuwa na maana ya safari. Kabla Manyara haijawa mkoa mwaka 2002, mtumishi wa Hanang' aliitwa Arusha kwa karibu kila jambo kubwa. Hata miaka ya karibuni vikao kazi vya Mamlaka ya Serikali Mtandao vimefanyika katika kumbi za AICC, palepale Arusha, jengo lililokusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Ni kumbi nzuri, nami nimesinzia humo kwa raha. Lakini mwaka 2017, serikali ilipopeleka mfumo wa FFARS kwenye halmashauri zote 185 ili zahanati na shule zitunze mahesabu yao zenyewe, jambo liligeuka. Mtumiaji alikuwa muuguzi ambaye asubuhi amezalisha na jioni anatakiwa afunge daftari la fedha. Huyo huwezi kumwita Arusha na kuifunga zahanati. Lazima umfuate.

Na ukimfuata hadi kwa Wabarabaig, wafugaji wa Hanang', unafika kwa watu waliojua vikao kabla ya wewe kuzaliwa. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1950, ameandika juu ya mabaraza yao, na linalonivutia zaidi ni baraza la wanawake, lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea na kumtoza ng'ombe. Halina ukumbi wala bajeti. Lina mpangilio: nani anaitwa, nani anakaa mbali, nani anasema kwanza, na neno linasikilizwa hadi mwisho. Fundi wangu anajua hayo. Hapangi meza bila kuuliza nani hawezi kusema mbele ya nani.

Hanang' inajua pia gharama ya kutoitana. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, kwa msaada wa Kanada, yalisambaa kwenye nyanda za Basotu hadi kufikia kiasi cha ekari laki moja. Trekta zilikuja, wataalamu walikuja, mbegu zilikuja. Wafugaji waliokuwa wakilisha pale hawakuulizwa malisho yao yanazunguka vipi kwa majira, na kijiji cha Mulbadaw kilifikishana na NAFCO hadi Mahakama ya Rufani, kikashindwa mwaka 1985. Hapo hapakuwa na kompyuta, najua. Lakini kila ninapoona chombo kimeletwa kwa watu ambao mtengenezaji hakuwahi kukaa nao, ngano ile hunijia akilini.

Nirudi darasani, kwenye jambo ninalolienzi kuliko yote. Fundi wangu ana sheria moja. Kijana aliyetengeneza mfumo, aliyeletwa kutoka Dodoma, huketi nyuma ya mtumiaji, na ni marufuku kwake kugusa kipanya. Haruhusiwi hata kunyoosha kidole. Anatazama.

Siku ile alikalishwa nyuma ya muuguzi mmoja mtu mzima. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Wakaanza. Mama aliingiza risiti za dawa moja baada ya nyingine, polepole, akisoma kila neno la Kiingereza kwenye skrini kwa midomo. Alipofika mwisho alibonyeza kitufe cha kushoto, na kazi yote ikapotea. Hakulalamika. Alivuta pumzi, akaanza upya, na mwishoni akabonyeza kilekile, kwa kuwa kilikuwa ndicho kikubwa na ndicho cha kijani. Kijana nyuma yake alikuwa akitokwa jasho. Mara mbili aliinua mkono, na mara mbili fundi wangu, akiwa mlangoni na sahani ya maandazi, alimtazama hadi akaurudisha. Ilipofika chai ya saa nne, kijana hakwenda kunywa. Alifungua kompyuta yake pale pale, akahamisha kitufe. Waliporudi, mama alibonyeza cha kijani na hesabu zikakaa.

"Umekifanya nini?" akamwuliza.

"Nimekiweka mahali ulipokitafuta, mama."

Hakuna ripoti ambayo ingemfundisha kijana yule kwa saa mbili kiasi kile. Na haikutokea kwa bahati. Kuna mtu aliyemwandikia bosi wa kijana barua wiki kadhaa kabla ili aachiliwe, akahakikisha jenereta ina mafuta, akamchagulia meza, akamchagulia na mama.

Siku hizi tunatumiwa linki. Faili la PDF linaingia kwenye kundi la WhatsApp usiku, na chini yake agizo: kila mtumiaji asome, aangalie video, aanze kutumia mfumo Jumatatu. Sitetei semina za zamani zote. Zilikuwepo za posho tupu, watu wakisaini mahudhurio ya siku tano na kuhudhuria mbili, na mwishoni mwa 2015 Rais John Magufuli alipobana safari na semina za mahotelini wengi tulimuunga mkono kwa haki. Kisha ikaja korona, na mwaka 2020 hata mkutano mkubwa wa watumiaji wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, mkutano ambao huwa Oslo, ukahamia mtandaoni. Walioshika mafungu ya fedha waligundua kwamba mambo yanaweza kwenda bila nauli, na hawajasahau. Wameokoa nauli, kweli. Ila mafundi kama yule wametawanyika. Mmoja anaandaa harusi Babati, na nasikia harusi zake huanza kwa wakati.

Hivi karibuni niliingia ofisi moja ya umma, nisiyoitaja, inayotumia mfumo ulioletwa kwa linki. Kando ya skrini palibandikwa karatasi, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: USIBONYEZE CHA KIJANI. Niliuliza nani kaiandika. Hakuna aliyejua, waliikuta. Karani wa sasa aliachiwa na aliyehamishwa, na huyo naye aliikuta. Karani alinieleza kwa upole kwamba ukisahau tu, unapoteza kazi ya siku nzima, kwa hiyo akija mgeni ofisini wanaanza kwa kumwonyesha karatasi, ndipo wanampa neno la siri.